Lipoe Kwanza

Jembe lilidunda. Mama Ngoja aliliinua tena, akalishusha kwa nguvu zote zilizobaki begani, na ardhi ikalirudisha juu. Palipopigwa pakabaki alama nyeupe, kijikwaruzo tu cha kumchekesha mtu. Alikuwa ameanza kazi jua halijatoka, na kipande alichokwisha kukilima kilitosha kulaza mkeka, tena mkeka wa mtu mmoja.

Akaegemea mpini, akatazama shamba. Upande wa chini, kwenye udongo wenye rutuba, yalisimama mabua ya mahindi ya msimu uliopita, manene, yamepangwa mistari. Yale hayakuwa yake. Msimu ule trekta la chama cha wakulima lilimfikia mvua zikiwa zimeshika kasi, likalima nusu, likakwama, na nusu ya pili ikabaki majani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaja na vibarua. "Nakusitiri tu, shemeji," alisema. "Ardhi ya ukoo ikilala, wazee watauliza." Akapanda, akavuna, na mabua akayaacha pale pale, kama mtu anayeacha koti lake juu ya kiti ili asikikalie mwingine.

Hilo ndilo lililomkosesha Mama Ngoja usingizi. Kwa desturi yao, mjane alishika shamba la marehemu muda wote alioweza kulilima. Aliposhindwa kipande, kipande hicho kilirudi kwenye ukoo, na ukoo, kwa jinsi mambo yalivyokuwa, ulikuwa shemeji. Nusu ilikwisha kwenda. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya nyuma ya vilima, na mvua zikimkuta tena hajalima, nusu iliyobaki nayo ingepata mtu wa kuisitiri.

Jina la Mama Ngoja alipewa sokoni. Hakununua kitu bila kusema "ngoja kwanza". Maharage aliyamwaga yote ayaone ya chini ya debe. Nyanya alizigeuza moja moja, na chenji aliyorudishiwa aliitazama juani kama inayoweza kuyeyuka. "Ngojangoja huumiza matumbo, mama," wachuuzi walimtania. "Tumbo langu nalijua linavyouma," aliwajibu, akaendelea kugeuza nyanya. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na urithi pekee aliomwachia ni neno moja: ng'ombe wa kuuzwa usimtazame akitembea, mtazame akiamka. Maana wenye hila humzungusha ng'ombe kilema tangu alfajiri, viungo vikapata moto, mnunuzi akija amkute anatembea kama bwana harusi. Mwache alale, apoe, kisha mwamshe. Hapo ndipo utajua unanunua nini.

Nyumbani, binti yake alikuwa barazani na cherehani, anakunja pindo la sare ya mtu.

"Mama, tukodi," alisema bila kuinua macho. Maneno haya walikuwa wameyasema asubuhi, na jana yake, na juzi. "Trekta la kukodi likiharibika ni shida ya mwenyewe. La kwako likiharibika, utalala njaa ulilishe spea."

"Tukodi kwa nani? La chama liko gereji mjini tangu lini, linasubiri kipuri. Hicho kipuri kinakuja kwa miguu?"

"Labda litapona."

"Likipona litaanza na mashamba ya mwenyekiti wa chama. Kisha ya bwana shamba. Kisha ya shangazi zake bwana shamba. Mimi nitafikiwa mahindi ya wenzangu yamefika kiunoni." Akaketi kizingitini, akajisugua bega. "Baba yako aliliendesha trekta lile maisha yake yote. Umewahi kuliona likilima kwetu kwanza?"

Binti akaendelea na pindo lake. Marehemu alikuwa dereva wa chama mpaka homa ilipomchukua, na kweli, shamba la dereva lilikuwa la mwisho siku zote. Mafao yake yalikuwa bado yapo, pamoja na bei ya fahali wawili waliouzwa. Mama Ngoja hakuyagusa. Kila alipofikiria kuyagusa alijiambia ngoja kwanza.

Jioni ile shemeji alikuja akiwa ameoga, na shati limepigwa pasi. Alikuwa mtu wa maneno laini, asiyekaa mpaka akaribishwe mara mbili.

"Shemeji, Mungu si Athumani," alisema. "Kuna trekta linauzwa. Kampuni moja ya mbali imefunga shamba lake, vitu vinatoka kwa bei ya kutupa. Mwenyekiti amepewa kazi ya kulitafutia mtu. Nikasema hapana, kabla ya mtu wa nje, yupo shemeji yangu."

Mama Ngoja akalitazama lile shati la pasi. "Na wewe una faida gani mimi nikilima shamba lote?"

Shemeji akacheka mpaka akajifuta jicho. "Wewe mwanamke, hata malaika akija utamwambia aoneshe mbawa! Mimi ni dalali tu. Muuzaji atanipa changu. Dalali hali maneno matupu."

Jibu hilo lilimtuliza nusu, kwa sababu tamaa aliielewa. Wema ndio uliokuwa ukimtisha. Ile nusu nyingine haikutulia, nayo ndiyo iliyomfanya kesho yake aende kuliona trekta mapema kuliko saa waliyopatana.

Lilikuwa nyuma ya ghala la mwenyekiti, rangi ya bluu mpya inang'aa mpaka inaumiza macho. Rangi yenyewe ilikuwa imepakwa kwa pupa, matone yameganda kwenye matairi. Mama Ngoja hakuitazama rangi. Alikwenda moja kwa moja mbele, akaweka kiganja juu ya boneti.

"La moto," akasema.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, anayemwita kila mwanamke mama na kila mwanamume ndugu. "Tulilisogeza kidogo tu, mama, tulitoe juani."

"Hapa mlipoliweka ndipo juani."

Shemeji akakohoa. Kijana aliyekuwa akifuta taa za trekta akageukia upande mwingine. Huyu alikuwa dereva wa sasa wa chama, aliyefunzwa kazi na marehemu. Kwa wembamba wake watu walimwita Kijiti.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Ngoja. "Lipoe. Nataka nilione likiamka."

"Mama, trekta si ng'ombe."

"Najua. Ng'ombe hapakwi rangi."

Akatafuta jiwe kivulini mwa tairi kubwa la nyuma, akaketi. Walidhani anatania. Mwenyekiti akaingia ghalani, akatoka, akamkuta. Shemeji akaenda kunywa chai, akarudi, akamkuta. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama kucheka: "Mama Ngoja, unaliuguza?" Akawajibu, "Nalisubiri lizae." Wakaenda zao wakicheka, na habari ikatembea kijiji kizima kwamba Mama Ngoja ameshinda kutwa anaatamia trekta. Kila mara alinyanyuka, akagusa boneti, akaketi tena.

Mchana Kijiti alimletea maji kwenye kikombe.

"Asante, mwanangu. La chama linaendeleaje huko gereji?"

Kijiti akatazama vidole vyake vya miguu. "Bado, mama."

"Wamesema kipuri gani?"

"Sijui, mama. Mimi ni dereva tu."

Akachukua kikombe kabla maji hayajaisha. Mama Ngoja akaona, akaliweka hilo moyoni pamoja na mengine.

Jua lilipoinama, boneti ilikuwa baridi kabisa. "Sasa liamshe," akasema. Kijiti akapanda, akazungusha ufunguo, na trekta likaunguruma mara moja, bila kikohozi, bila moshi mweusi. Mama Ngoja aliyekuwa amejiandaa kulicheka akajikuta mdomo wazi. Aliyazunguka magurudumu, akachungulia chini kutafuta oili inayovuja, akasikiliza. Halina kasoro. Ngurumo ile aliipenda. Aliipenda kwa namna iliyomtia aibu, kama mtu aliyekuwa akiijua kabla. Kwa mara ya kwanza akaona shamba lake limelimwa lote, kutoka mtaroni mpaka mpakani.

"Umeridhika, mama?" aliuliza mwenyekiti.

"Zima. Nipande nikae."

Wakacheka, lakini wakamsaidia kupanda. Kiti kilikuwa kimevikwa kitambaa kipya cheusi. Alipokaa, kiti kikambonyea kushoto, pale pale alipokitarajia kabla hajajua kwamba anakitarajia. Mkono ukashuka wenyewe chini ya ukingo. Chini ya kitambaa kipya kulikuwa na turubai la zamani, na kwenye turubai mshono wa uzi wa nailoni, mnene, wa kwenda na kurudi. Nyuma zaidi vidole vikakuta mfuko mdogo, na kwenye mfuko kifungo.

Kifungo cha gauni la shule la binti yake. Alikishona yeye mwenyewe, siku marehemu alipolalamika kwamba panya wamekula sponji na hana pa kuweka kipima upepo cha matairi. Alikipeleka kiti nyumbani, akakijaza matambara, zaidi upande wa kulia kwa sababu marehemu aliumwa nyonga ya kulia. Miaka yote ile mume wake alikalia mshono wake.

Damu ikampanda kichwani. Trekta la chama halikuwa gereji. Lilikuwa hapa, chini yake, limevikwa bluu. Trekta ambalo kila mwanachama alilitolea magunia ya mahindi, na yeye na marehemu walitoa yao mwaka ambao wao wenyewe walishindia uji.

Angenyamaza mambo yangekuwa mengine. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Kiti hiki mmekitoa wapi?"

Mwenyekiti akamtazama Kijiti. "Kiti? Kimekuja na trekta, mama."

"Kizuri."

Kijiti alikuwa ameinama anachunguza tairi lisilo na tatizo lolote. Shemeji aliwatazama wote watatu kwa zamu. Mama Ngoja akashuka taratibu, akajipangusa, akasema kwa sauti ya mtu anayenunua nyanya:

"Nataka kulionja. Lilime kwanza kwangu, nilione plau linavyoshuka. Ndipo tuandikiane na mlipwe chenu. Sitoi hata senti kabla ya kuona."

Alitegemea wagome. Alitegemea mwenyekiti adai dizeli, adai malipo ya dereva, adai chochote. Mwenyekiti akatabasamu.

"Hakuna neno, mama. Haki yako. Kesho asubuhi litakuwa kwako."

Njia nzima ya kurudi urahisi ule ulimwasha kama upupu.

"Tuachane nalo," binti alisema aliposikia. Alikuwa ameacha kushona. "Mama, tukodi hata punda. Tulime kwa vijiko. Tuachane nalo."

"Nikiliacha watamuuzia mwingine, kisha huyo atatukodisha trekta letu wenyewe."

"Basi kamwambie mtendaji wa kijiji."

"Mtendaji anakunywa chai kwa nani kila Ijumaa? Na bwana shamba je? Nikienda kusema leo, kesho kitambaa cheusi kitakuwa kimeshonwa kwingine na kiti kiko motoni. Nitabaki mimi na mdomo wangu." Akasogea karibu na binti. "Sikiliza. Wenyewe wanalileta shambani kwangu mchana kweupe. Likishaanza kulima, wewe unapita nyumba kwa nyumba, unawaita wanachama. Waje waone kazi. Wakifika, namwambia kila mmoja atie mkono chini ya kiti, akishike kifungo. Watu wengi hivyo hawawezi kunyamazishwa wote."

"Na wakisema wewe ndiye umeiba?"

Mama Ngoja akacheka, mara ya kwanza tangu jioni. "Mjane aibe trekta? Atalificha wapi, mvunguni? Sijatoa hata senti, mwanangu. Asiyetoa pesa haibiwi."

Binti hakucheka.

Asubuhi trekta lilifika kabla hata hajamaliza kufagia uwanja. Kijiti alikuwa peke yake. Hakuomba maji wala hakusalimia kwa maneno mengi. Alishusha plau kwenye kona ya juu, akaanza, na binti akafunga khanga kiunoni akaondoka kuita watu.

Mama Ngoja alitembea nyuma ya plau na fimbo aliyoikata alama kwa kisu. Hapa ndipo alipokuwa ametega akili yake yote. Alijua ujanja wa madereva: huanza kwa kina, wakifika katikati huinua plau kidogo kuokoa dizeli, mwenye shamba akaona weusi wa udongo akaridhika, kumbe kumekwaruzwa tu. Kila hatua chache alichomeka fimbo. Kina. Akachomeka tena. Kina kile kile. Mabonge yalipinduka makubwa, meusi, yananukia, na minyoo inajikunja juani. Ardhi iliyolidundisha jembe lake juzi ilikuwa ikifunguka mbele yake, naye machozi yakamtoka bila ruhusa. Hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi ya fimbo.

Macho yake yalikuwa chini muda wote. Barabarani hakutazama.

Walipofika katikati, Kijiti akazima. Akashuka, akasimama akishika ufunguo, kama mwenye neno.

"Nini?"

"Dizeli, mama. Naenda kuifuata."

"Nilijua tu! Mtataka niilipe mimi."

"Hapana, mama. Hulipi." Akasita. "Mama, kwa nini usiende nyumbani ukapumzike kidogo? Mbali na hapa."

"Nikuachie uje ulime juujuu? Nenda, mimi nipo."

Kijiti akamtazama kwa macho ambayo baadaye angeyakumbuka sana. Akaondoka kwa kupitia migombani, si barabarani. Mama Ngoja akaketi kivulini mwa tairi, akanyoosha miguu juu ya udongo mpya. Alimshuku Kijiti kwa dizeli. Alishuku plau, oili, rangi na bei. Alikuwa ameyahesabu yote yanayoweza kuharibika kwenye mashine.

Alipowaona watu barabarani alifurahi, akajisemea binti ana mbio. Kisha akaona aliyetangulia ni mwenyekiti. Kando yake askari wawili. Nyuma yao wanachama, wengi, wengine wameshika mapanga waliyokuwa wakifanyia kazi. Shemeji alikuwa katikati yao, amevaa shati la jana.

"Hili hapa," alisema mwenyekiti, sauti imevunjika kwa uchungu. "Ndugu zangu, hili hapa. Trekta letu."

Watu wakalizunguka. Mzee mmoja akaligusa kwa viganja viwili kama mtoto aliyepotea. Askari mmoja, mrefu, akamsogelea Mama Ngoja.

"Hili trekta ni lako?"

"Afande, hili ni trekta la chama." Alisimama. Wanachama si ndio hawa? Si ndio aliowataka? "Tieni mikono chini ya kiti. Kuna mfuko na kifungo. Nilikishona mwenyewe. Wamelipaka rangi waniuzie mimi!"

"Mnasikia?" mwenyekiti aliwageukia watu taratibu. "Mama mwenyewe anasema alijua ni la chama."

"Nilijua jana! Jana nilipokaa!"

"Na jana hukusema."

"Nilikuwa nangoja..."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mazoea, kisha akajuta.

Askari mrefu alipanda, akatia mkono chini ya kiti, akapapasa, akashuka. "Mfuko upo." Akamtazama Mama Ngoja upya. "Tumeambiwa lilipotea gereji mjini. Aliyelichukua analijua mpaka chini ya kiti."

"Mume wangu alikuwa dereva wake!"

"Ndiyo, ndiyo," mwenyekiti akasema kwa huruma. "Marehemu alikuwa na funguo za akiba. Hatukuwahi kurudishiwa. Hatukutaka kumsumbua mjane."

"Umelinunua?" askari akauliza.

"Bado."

"Risiti?"

"Nitakuwaje na risiti na sijalipa? Nilisema sitoi hata senti mpaka nione!"

"Kwa hiyo hujalipa," alisema askari, polepole, kama mwalimu anayesaidia mtoto mzito, "na trekta liko shambani kwako, linalima."

Mama Ngoja akawatazama wanachama mmoja mmoja. Aliwafahamu wote. Aliwazalisha wake wa baadhi yao. "Jana si mliniona?" aliwauliza wanawake wa ndoo. "Nilikaa nalo kutwa nyuma ya ghala lake! Si mlinicheka?"

Wanawake wakatazamana. "Tulikuona umekaa nalo, Mama Ngoja," mmoja akasema kwa sauti ndogo. Hakusema wapi. Mwenyekiti alikuwa akimtazama, na shamba la mwanamke yule lilikuwa bado halijalimwa.

"Shemeji! Sema wewe! Ni wewe uliyenileta kwao!"

Shemeji akaweka mkono kifuani. "Shemeji, mimi nilikushauri ukodi."

Binti alifika akihema, nyuma ya watu wote. Nyumba alizopita zilikuwa tupu. Alipenya mpaka mbele, akamkuta mama yake ameshikwa mkono na askari mfupi, fimbo yenye alama bado ipo kwenye mkono mwingine. Alilia kwa sauti. Mama yake hakulia. Alikuwa akitazama chini kwenye mfereji ulioachwa katikati, kana kwamba kosa lilikuwa humo na akiangalia vizuri ataliona.

Alikaa mahabusu mpaka joto lilipogeuka kuwa mawingu. Aliyemtoa kwa dhamana ni shemeji. Hakukuwa na mtu mwingine mwenye nyumba ya bati aliyekubali kuweka jina. Njiani alizungumza kwa upole wake ule ule.

"Wazee wamekaa, shemeji. Wamesema mtu mwenye kesi mahakamani hawezi kushika shamba la ukoo, ataliuza alipe mawakili. Nikawatetea sana. Nimesema nitalilima mimi, mpaka kesi iishe tu. Kukusitiri."

Mama Ngoja alitembea mbele yake. Walipofika karibu na nyumbani aliusikia ule mngurumo, usio na kikohozi.

Trekta lilikuwa shambani kwake. Liliachwa mikononi mwa mwenyekiti alitunze kama ushahidi, na ushahidi hautunzwi kwa kuachwa ukapata kutu. Lilikuwa limekwisha kulima kwa mwenyekiti, kwa bwana shamba, kwa mtendaji. Sasa lilikuwa likimalizia kipande cha mwisho hapa, kutoka mtaroni mpaka mpakani, kwa kina, mistari imenyooka, kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kufanywa kwenye ardhi ile. Mabua yale ya zamani yalikuwa yamefukiwa. Hungeweza tena kujua nusu ya nani iliishia wapi.

Kijiti alikuwa juu yake, amekalia kiti kipya cha plastiki.

Alipomaliza alikuja mpaka ukingo wa shamba, akazima, akashuka. Alikuwa amebeba kitu mbele ya tumbo. Alikiweka chini kwenye majani, akarudi nyuma hatua moja.

"Wamesema nikuletee, mama. Wamesema ulisema ni chako."

Kiti. Kitambaa cheusi kilikuwa kimebanduliwa, turubai liko wazi, mshono wake unaonekana wote, kwenda na kurudi. Kifungo kilikuwa bado mahali pake.

"Nani kasema?"

"Mama, mimi nimetumwa tu." Kijiti akakitazama kiti. "Marehemu alinifundisha kazi. Namkumbuka kila nikiwasha."

"Ungemkumbuka siku ile, mwanangu."

Kijiti akaondoka na trekta, bila kugeuka.

Binti alitoka ndani, akakiona, akainama akinyoosha mikono kukibeba. "Kiti cha baba," alisema.

"Usikiguse!"

Binti akaganda.

"Ngoja kwanza," Mama Ngoja alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Ukikiingiza ndani, kesho watakuja kupekua, watakuta kiti cha trekta la chama chini ya kitanda changu. Ukikichoma, watasema tumechoma ushahidi. Ukikitupa, watasema tumekificha. Kiache hapo hapo."

Wakarudi kizingitini, wakaketi. Tone la kwanza likaanguka uwanjani, kisha mengine, na harufu ya udongo uliolimwa ikaja mpaka mlangoni. Upande wa pili shemeji na vibarua wake walikuwa wakikimbia na mifuko ya mbegu, wanaitana, wanacheka kuwahi mvua. Mama Ngoja alitazama kiti. Matambara aliyoyajaza, mengi zaidi upande wa kulia, yalianza kunywa maji. Upande wa kushoto, uliobonyea, maji yakajikusanya kama kwenye bakuli.

Wanawake wenye ndoo walipita barabarani wakikimbia, wamejifunika khanga vichwani. Mmoja akasita, akaonesha kwa kidole.

"Mama Ngoja! Kiti chako kinalowa!"

Hakuitika.